Jengo langu lilikutwa baharini: niende Dubai, nikasome mipango miji, au nihamie kwenye programu?

SWALI

Shikamooni washauri,

Nina miaka 31. Ni mbunifu majengo, nilisoma Chuo Kikuu Ardhi, na huu ni mwaka wa sita niko kwenye ofisi moja ndogo hapa Dar es Salaam. Bodi ya usajili wa wabunifu majengo ilinisajili miaka miwili iliyopita. Ofisini tuko watano tu, kwa hiyo nafanya kila kitu: michoro ya wazo, kufuatilia kibali cha ujenzi halmashauri, michoro ya kujengea, na kwenda saiti kubishana na fundi wa nondo. Kazi ninazojivunia ni jengo la makazi la ghorofa tisa Kinondoni, mabweni ya shule Dodoma na hoteli ya vyumba 24 kule Paje.

Nataka kufanya kazi nje ya nchi. Kwa miezi minane nimetuma maombi zaidi ya 60, nimejibiwa mara mbili. Sasa nina njia tatu na kila mtu ananivutia kwake.

Ya kwanza ni kampuni ya Dubai. Wamenipa nafasi inayoitwa "BIM Modeller", yaani mchora modeli za majengo za kompyuta (BIM), dirham 9,000 kwa mwezi: mshahara wa msingi 3,600, nyumba 3,600, usafiri 1,800. Wanataka jibu ndani ya siku kumi. Wakala anayetuunganisha ameomba dola 600 za kushughulikia viza.

Ya pili, nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya masuala ya miji Uholanzi, lakini bila ufadhili. Mjomba yuko tayari kuuza kiwanja ili nikasome.

Ya tatu, rafiki yangu wa Nairobi ananiambia niachane na majengo kabisa, nijikite kwenye kuandika programu za kompyuta, eti ndiko pesa iliko. Nimejifunza lugha ya Python, na Dynamo ya kuiendesha Revit, ile programu ya kuchora modeli za majengo, kwa miezi minne sasa.

Halafu kuna jambo linaniumiza. Hao wa Dubai walinifanyia jaribio la saa nne. Niliambiwa nichukue kiwanja cha mradi wowote niliowahi kufanya, niunganishe mchoro wa mpima ardhi kwenye Revit, niweke jengo la ghorofa nne, kisha nitoe faili la IFC, lile linalofunguka kwenye programu mbalimbali za majengo. Nikachukua kiwanja kimoja cha Masaki, kule mwisho wa rasi. Kwenye skrini yangu mistari ilikuwa inachezacheza, kuta zimekatikakatika kama meno ya msumeno. Walipofungua faili juu ya picha ya setilaiti, jengo langu lilikuwa ndani ya maji. Walicheka, kazi wakanipa, lakini ndiyo hiyo ya cheo cha chini. Mpaka leo sijui nilikosea wapi.

Nichague ipi? Na mnisaidie pia na faili la kazi zangu: lina kurasa 64 na uzito wa MB 48, na baadhi ya kampuni barua pepe inarudi.

Mchoraji wa Sinza


JIBU

Marahaba, na pole kwa jengo kuzama. Tuanzie hapo hapo, maana ndani ya kosa hilo kuna nusu ya jibu lako.

Ulifanya makosa mawili yakajificha pamoja. La kwanza ni la umbali. Mpima ardhi wa Dar es Salaam anafanya kazi kwa koodineti za UTM, mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita, ukanda wa 37 Kusini. Bikoni (alama ya mpaka ya mpima) ya Masaki inasoma karibu mita 531,000 kwa mashariki na karibu 9,255,000 kwa kaskazini. Maana yake iko zaidi ya kilomita 9,000 kutoka kwenye sifuri ya mchoro. Revit nayo inataka kila unachochora kikae ndani ya kilomita 16 kutoka kwenye sifuri yake ya ndani. Ukivuka hapo, namba zinazotumika kuonyesha mchoro zinaelemewa: zikishabeba mamilioni ya mita hazina tena nafasi nzuri ya kubeba milimita. Ndiyo hayo meno ya msumeno uliyoyaona.

La pili halihusiani na Revit hata kidogo. Michoro mingi ya upimaji Tanzania, hasa ya zamani, imejengwa juu ya msingi wa ramani (datum) unaoitwa Arc 1960. Picha za setilaiti na GPS zinatumia msingi mwingine, WGS84. Namba zinafanana sura, zote ni za ukanda 37 Kusini, lakini zimepishana karibu mita 300 kaskazini-kusini na karibu mita 100 mashariki-magharibi. Koodineti za Arc 1960 zikisomwa kama za WGS84, jengo linasogea kaskazini mita 300 na kidogo magharibi. Mtu mwenye kiwanja Tabata angeona jengo liko juu ya nyumba ya jirani, akadhani ni kosa dogo. Wewe ulikuwa kwenye ncha ya rasi, na kaskazini ya ncha ni maji.

Safari nyingine fanya hivi:

1. Muulize mpima, kwa maandishi, ametumia msingi gani. Mchoro wenyewe mara nyingi hausemi.
2. Kama ni Arc 1960, geuza kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure: kutoka msimbo EPSG:21037 kwenda EPSG:32737. Weka matokeo juu ya picha ya setilaiti uone kama uzio unakaa kwenye uzio. Mchoro wa asili usiuguse, tunza nakala.
3. Unganisha faili la mchoro wa mpima (DWG) kwenye Revit kwa kuiweka katikati, usiilazimishe sifuri kwa sifuri. Isogeze mpaka bikoni moja unayoiamini ikae karibu na sifuri ya ndani.
4. Tumia "Specify Coordinates at Point", bofya bikoni hiyo, andika kaskazini, mashariki, kimo na pembe ya kaskazini halisi. Sasa Revit inajua bikoni iko wapi duniani bila kuibeba huko.
5. Ukitoa IFC chagua koodineti za pamoja (Shared Coordinates), na tumia toleo la IFC4 badala ya IFC2x3. IFC4 ina sehemu maalumu ya kuandika mfumo wa ramani uliotumia. Ile ya zamani haina.
6. Fungua faili kwenye programu nyingine kabisa, si Revit, bofya bikoni na usome namba. Zikitofautiana na za mpima hata kwa nusu mita, usitume.

Hatua ya sita ndiyo watu huiruka, na ndiyo ingekuokoa siku ile.

Sasa tazama kosa hilo limepita wapi. Swali la msingi wa ramani ni la mtu wa mipango na upimaji. Swali la sifuri ya ndani ni la teknolojia. Na jengo la ghorofa nne ni la mbunifu. Ofisi kubwa za nje zina mtu kwa kila swali, na mara nyingi hao watu hawaelewani. Anayeweza kusimama katikati yao ni adimu. Kwa hiyo anayekuambia uache moja ushike jingine anakushauri utupe kitu ambacho tayari unacho nusu.

Tuje kwenye Dubai. Kazi zipo, na sababu inajulikana. Manispaa ya Dubai ililazimisha BIM kuanzia Januari 2014 kwa majengo ya ghorofa 40 na zaidi, kwa majengo makubwa ya futi za mraba 300,000, na kwa hospitali na vyuo vikuu. Mwaka 2015 ikashusha kiwango hadi ghorofa 20 na futi za mraba 200,000. Hapo kila ofisi ikahitaji watu wa kujenga modeli, na watu hao wamekuja kutoka kila pembe ya dunia. Ndiyo maana cheo hicho kina ushindani mkali na mshahara wake haupandi haraka.

Hatari kubwa zaidi, hata kuliko pesa, ni cheo chenyewe. Miaka mitatu ukiwa umeandikwa mchora modeli kwenye kibali cha kazi itakusumbua kokote utakakokwenda kujisajili baadaye. Bodi za usajili huuliza kazi uliyoifanya ilikuwa ya ubunifu majengo au la, na ilisimamiwa na nani. Mfano ni Marekani: mpango wa uzoefu unaosimamiwa na NCARB, baraza la bodi za usajili wa wabunifu, unadai saa 3,740 zilizogawanywa katika maeneo sita, kuanzia usimamizi wa ofisi hadi ujenzi saitini. Mtu aliyekaa miaka mitatu akijenga mabomba kwenye modeli atajaza sehemu moja mpaka ifurike, nyingine zote zikabaki tupu.

Pili, mgawanyo wa mshahara. Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Msingi wako wa 3,600 unakupa dirham 2,520 kwa mwaka. Wakikuwekea msingi wa 6,000 bila kuongeza hata senti kwenye ile jumla ya 9,000, unapata 4,200 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni 12,600 dhidi ya 21,000. Mwajiri anajua hesabu hii kuliko wewe, ndiyo maana alikata vile.

Tatu, zile dola 600. Usilipe. Sheria hiyo hiyo inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine, na kibali cha kazi ni gharama ya kampuni. Iandikie kampuni yenyewe, kwa anwani ya tovuti yao na siyo ya wakala, uwaulize kama wanajua ombi hilo. Wakijibu hawajui, umemgundua tapeli au tamaa. Wakijibu wanajua, umeijua kampuni.

Kwa hiyo ndani ya siku hizo kumi omba mambo matatu kwa barua moja fupi: cheo kiwe "Architect" au "BIM Coordinator", na kazi za kuratibu ziandikwe kwenye mkataba; msingi usipungue 6,000 ndani ya jumla ile ile; na majaribio yawe miezi mitatu. Sheria inaruhusu mpaka miezi sita, na wengi huandika sita. Kumbuka pia kwamba ukitaka kuhamia kampuni nyingine ya huko huko ndani ya kipindi cha majaribio, unatakiwa kutoa notisi ya mwezi mmoja. Wakikubali la kwanza na la pili, nenda. Wakikataa la kwanza, hata wakiongeza pesa, sisi tungebaki Dar.

Huku ukisubiri jibu, anza vyeti. Falme za Kiarabu zinataka shahada ipite mlolongo: chuo, Wizara ya Mambo ya Nje hapa, ubalozi wao hapa, kisha wizara yao ya mambo ya nje kule. Hatua moja ikirukwa unarudishwa mwanzo. Kinachokwamisha watu wetu zaidi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, pasipoti imeanza na la ukoo. Panga vyote mezani leo, na kama vimetofautiana kaape kiapo cha majina kwa wakili kabla hujaanza mlolongo.

Hapa sasa ndipo tunataka utulie, kwa sababu hili utalihitaji hata ukiamua kutoondoka kamwe. Kabla hujamwambia bosi wako kwamba unaondoka, pata barua ya uzoefu. Si ile ya mistari minne ya "alikuwa mchapakazi na mwaminifu". Hiyo haisaidii huko nje. Kwa kila mradi barua iseme: tarehe ulipoanza na ulipomaliza, saa za kazi kwa wiki, jina la mbunifu aliyekusimamia na namba yake ya usajili kwenye Bodi, eneo la jengo kwa mita za mraba, idadi ya ghorofa, na hatua ulizofanya wewe. Iandike mwenyewe, mpelekee aisome, asaini na kugonga muhuri kila ukurasa. Bosi akishakasirika kwa kuondoka kwako, au ofisi ikifungwa, barua hiyo huipati tena. Na pamoja na barua, chukua kwa ruhusa nakala za vibali vya ujenzi na kumbukumbu za vikao vya saiti vyenye jina lako. Hivyo vina tarehe na mihuri, havibishaniwi.

Hatua hizo nazo zina lugha ya kila nchi. Unaposema "michoro ya kujengea", Mwingereza anaelewa hatua ya 4 ya mpango wa kazi wa RIBA, taasisi ya wabunifu majengo ya Uingereza, ambao una hatua 0 hadi 7. Mjerumani anaelewa awamu ya 5 kati ya awamu tisa za HOAI, kanuni yao ya ada za wabunifu. Kwenda saiti kwako kubishana na fundi wa nondo ni hatua ya 5 kwa Mwingereza na awamu ya 8 kwa Mjerumani. Andika namba hizo kwenye wasifu wako kando ya kila mradi. Maombi 60 yenye majibu mawili mara nyingi maana yake ni kwamba msomaji hakujua akuweke kwenye meza ipi, na hana dakika ya kukuuliza.

Usajili wako kwenye Bodi usiuache ufe. Lipa ada ya mwaka hata ukiwa Dubai, hudhuria mafunzo ya kuendeleza taaluma yanayotakiwa, na kila unapoomba usajili kwingine omba cheti cha kuthibitisha kwamba huna deni wala kesi ya nidhamu. Mtu aliyesajiliwa kwao anapokelewa tofauti na mtu mwenye shahada tu.

Kuhusu majina ya kazi kwa nchi nyingine, kwa ufupi. Uingereza neno "architect" linalindwa kwa sheria ya 1997, na bila kusajiliwa na bodi yao, ARB, huruhusiwi kujiita hivyo kibiashara, ila unaweza kuajiriwa kama msaidizi. Ujerumani ni hivyo hivyo, isipokuwa usajili unashikwa na chama cha wabunifu cha kila jimbo, na Kijerumani chako kikiwa cha kusalimia tu hutaandika barua kwa mkandarasi. Huko pia utakuta ofisi nyingi zinatumia programu nyingine za kuchorea, ArchiCAD, Vectorworks au Allplan, kwa hiyo kujisifia Revit peke yake hakutoshi. Halafu kuna njia ambayo hukuitaja: Kigali na Nairobi. Wabunifu majengo wa Afrika Mashariki wana makubaliano ya kutambuana ya mwaka 2011. Yana urasimu wake, lakini mradi mmoja wa hospitali au jengo refu Kigali, ukiwa na cheo kamili cha mbunifu, una uzito kuliko miaka miwili ya kuchora mabomba ya mtu mwingine. Na kwenda nje si lazima iwe kwa kudumu. Mbunifu majengo Beda Amuli alisomea chuo cha Technion kule Haifa, Israeli, akarudi, na Soko la Kariakoo lenye ile miavuli ya zege ni kazi yake.

Njia ya pili, Uholanzi. Mwambie mjomba asiuze kiwanja. Hatusemi mipango miji ni bure, tunasema usinunue shahada bila kujua inakufungulia mlango gani. Uholanzi wana rejista ya wabunifu, na jina la mbunifu wa miji, "stedenbouwkundige", linalindwa kama lile la mbunifu majengo. Si kila shahada yenye neno miji inakuingiza kwenye rejista hiyo, na nyingi za usimamizi wa miji zimelenga watu wa serikali na mashirika. Andikia chuo uulize swali moja: shahada hii inakubalika na rejista ya wabunifu, ndiyo au hapana? Kisha ukumbuke kwamba hata hapa nyumbani kusaini mpango wa mji ni kazi ya aliyesajiliwa na bodi ya wataalamu wa mipangomiji, siyo ya kwako.

Kabla ya yote jipime kama unaipenda kazi yenyewe. Unaishi Sinza, una bahati. Sinza ilipimwa viwanja na kuwekewa barabara na maji katika miaka ya 1970 kwa mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia, na Manzese jirani yako ikaboreshwa ikiwa tayari imejengwa. Pakua ramani ya majengo ya OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, ambayo kwa Dar es Salaam ni nzuri kwa sababu ya kazi ya mradi wa Ramani Huria. Kata hekta kumi za Sinza na hekta kumi za Manzese kwenye QGIS. Pima asilimia ya ardhi iliyofunikwa na paa, asilimia ya barabara, na hesabu nyumba zilizo zaidi ya mita 30 kutoka njia ambayo gari la zimamoto linaweza kupita. Halafu nenda kwa miguu ukague, kwa sababu njia inayoonekana kwenye ramani huenda ina kibanda cha chipsi katikati. Kazi hii inachukua Jumamosi tatu. Kama Jumamosi ya tatu bado unataka kujua kwa nini Manzese iko vile, omba ufadhili mwaka ujao, na kazi hiyo hiyo uiambatanishe. Kama umechoka na unatamani kurudi kuchora ngazi, umeokoa kiwanja cha mjomba.

Wabunifu wengi hudhani mipango miji ni usanifu uliokuzwa. Sivyo. Mbunifu anakabidhi mchoro na mtu anajenga. Mpangaji anakabidhi uamuzi ambao halmashauri, wenye ardhi na wapangaji wataugombania kwa miaka, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kusikiliza na kuandika.

Ya tatu, rafiki yako wa Nairobi. Ana hoja, lakini amekupima kwa kipimo cha mtu wa programu. Ukishindana na waliosoma sayansi ya kompyuta utakuwa wa elfu kwenye foleni. Ukishindana kwenye ofisi ya wabunifu, wewe unayejua mlango wa ngazi ya dharura unatakiwa ustahimili moto na unajua pia kumwambia kompyuta akague yote, foleni ni fupi. Kwa hiyo usisome Python kwa mazoezi ya vitabuni. Chukua modeli ya ghorofa tisa ya Kinondoni, toa IFC, tumia maktaba ya bure ya IfcOpenShell, andika skripti ya mistari thelathini inayopita kwenye kila mlango na kusoma sifa ya "FireRating", yaani kiwango cha kustahimili moto, ndani ya kundi la sifa za milango, "Pset_DoorCommon". Milango ambayo sifa hiyo haipo au iko tupu, itoe kwenye jedwali pamoja na ghorofa yake. Tunakuhakikishia utapata mingi. Hapo utagundua kwamba tatizo si msimbo, ni kwamba hakuna aliyeamua nani ajaze taarifa hiyo na lini.

Jibu la swali hilo la "nani na lini" ndilo ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kusimamia taarifa za BIM. Sehemu ya 1 na ya 2 zilitoka Desemba 2018, na ofisi kubwa za Ghuba na Uingereza zinaongea lugha yake kila siku: faili lililo kazini, lililoshirikishwa, lililochapishwa, lililohifadhiwa. Soma hizo hali nne mpaka uweze kumweleza mtu kwa nini mhandisi wa mabomba haruhusiwi kufanyia kazi faili lako likiwa bado kazini. Sababu ni moja tu: utahamisha ukuta jioni, naye asubuhi ameshatoboa boriti. Mtu anayeelewa hilo anaitwa mratibu. Anayejua kubofya tu anaitwa mchora modeli. Tofauti ya mishahara yao inaanzia hapo.

Na ukipewa kazi ya kutafuta migongano kati ya modeli, usije na ripoti ya migongano 4,000. Ripoti hiyo inamwambia kila mtu kwamba hukuweka kiwango cha uvumilivu wala hukuchuja. Sufi ya bomba kugusa dari si habari. Njia ya hewa kupita katikati ya boriti ni habari. Leta kumi, kila moja na picha, ghorofa, na jina la anayetakiwa kusogea.

Mwisho, lile faili la MB 48. Tengeneza mawili. La kwanza la kutuma kwa barua pepe: kurasa nne hadi sita, ukubwa wa A4 wa kulala, chini ya MB 5. La pili la usaili: A3, kurasa 15 hadi 20, chini ya MB 15. Picha zishushwe hadi nukta 150 kwa inchi, lakini michoro ya mistari itoe moja kwa moja kutoka kwenye programu kama vekta, usiipige picha ya skrini. Picha za skrini ndizo zinazokupa uzito na bado maandishi hayasomeki. Ondoa kazi za chuo zote isipokuwa moja. Paje weka mkato mmoja wa ukuta kwa kipimo cha 1:20, kuanzia msingi hadi ukingo wa paa, ukionyesha ulivyozuia chumvi isile nondo na unene wa zege ulioifunika. Kinondoni weka jedwali la milango la ile skripti. Chini ya kila mradi sentensi moja ya ulichofanya wewe mwenyewe, na ruhusa ya ofisi kuonyesha michoro hiyo uwe nayo kwa maandishi.

Kile kiwanja cha Masaki usikifiche. Kiweke ukurasa wa pili: jengo likiwa kwenye maji, jengo likiwa mahali pake, na bikoni katikati yenye namba zote mbili.